Lipa Ramani Kabla ya Simiti

"Fundi wangu anajua kila kitu, msanifu majengo wa nini?" Tunaisikia sana hii. Kama ni kupaka rangi, sawa, fundi anatosha. Lakini ule ukuta unaotaka kubomoa ili sebule iwe kubwa, huenda ndio umebeba ghorofa ya juu. Ukikosea hapo si pesa tu, ni watu wako wa nyumbani. Halafu kaunti nayo itataka ramani kabla ya kuidhinisha kazi ya aina hiyo.

Sisi tunaona hivi: tafuta msanifu, ila usimtumie pesa zote mara moja. Kwanza, hakikisha jina lake liko kwenye rejista ya BORAQS, bodi inayosajili wasanifu majengo Kenya. Pili, andikianeni mkataba: kiasi fulani mkianza, kingine ramani ikiwa tayari, salio kaunti ikishaidhinisha. Tatu, lipa kwa till au paybill ya ofisi yake, na meseji ya malipo usiifute. Akisema "tuma kwa namba ya shemeji", tulia kwanza, uliza kwa nini.

Ramani ikikosewa inachorwa upya. Ukuta ukishaanguka, je?