AFYA NYUMBANI: Kidole cha Mguu Kinapowaka Usiku, Tusikimbilie Kumtaja Jirani

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa unaoingia katika nyumba nyingi za Goma bila kujulikana jina lake.

Baba watoto analala mzima. Usiku wa manane anaamka akilia: kidole kikubwa cha mguu kimevimba, ngozi inang'aa, kina moto, hata shuka likigusa anaumia. Kukicha, maneno yanaanza. "Amekanyaga dawa." "Hii ni karuho." Jirani anaangaliwa kwa jicho baya, na pesa za likelemba zinatoka kumlipa mtu wa kuja kutoa sumu.

Kabla ya kumtaja mtu, tuulize kwanza kama si guti. Wengine wanaiita jongo au gauti.

Inatoka wapi?
Mwili una taka moja inayoitwa asidi ya uriki. Inabaki pale mwili unapovunja purini, vitu vilivyomo katika seli zetu wenyewe na katika vyakula fulani. Figo huitoa sehemu kubwa kupitia mkojo. Figo zikishindwa kuitoa ya kutosha, inajaa katika damu. Ikipita karibu miligramu 7 kwa desilita moja ya damu, inaweza kuganda ndani ya viungo kama chembe ndogo zenye ncha za sindano. Mwili unapigana na chembe hizo, na vita hivyo ndivyo uvimbe na moto unaouona.

Shambulio la guti mara nyingi huisha lenyewe katika wiki moja au mbili. Ndiyo maana yule aliyeitwa kutoa sumu anapata sifa: maumivu yangeisha hata asingekuja. Lakini chembe zinabaki, na miezi ikipita, mguu unawaka tena. Bila matibabu, viungo vinaharibika na mawe yanaweza kuota katika figo.

Na sisi wanawake?
Guti hushika wanaume zaidi. Mwanamke anayepata hedhi ana kinga ya homoni zake, lakini hedhi ikikoma kinga hiyo inapungua. Kwa hiyo bibi mwenye goti lililovimba ghafla asiambiwe tu kwamba ni uzee. Dawa nyingine za tansiyo, zile zinazoongeza mkojo, hupandisha asidi hiyo. Pirazinamidi ya kifua kikuu pia huipandisha. Usiache dawa hizo mwenyewe; mwambie daktari au muuguzi anayekufuata.

Katika sufuria yetu
Vyakula vya kupunguza kwa mwenye guti ni maini, figo, matumbo, nyama nyekundu kwa wingi, na samaki wadogo wanaoliwa wazima kama sambaza na ndakala. Supu nzito ya nyama pia ina purini nyingi, maana zinatoka katika nyama na kubaki kwenye maji. Pombe inachangia sana, bia zaidi ya zote. Soda zenye sukari nyingi nazo hupandisha asidi hiyo.

Wengi wanakatazwa maharage na sombe. Mama, usiondoe maharage mezani! Purini za mimea hazionekani kuleta guti kama zile za nyama na samaki, na kwa familia zetu maharage ndiyo nguvu ya watoto. Maziwa nayo yanasaidia kushusha asidi ya uriki, basi maziwa ya Masisi yana nafasi yake nyumbani.

Maji ni dawa pia. Tunajua taabu ya bidoni na foleni, lakini mwenye guti akinywa kidogo, figo zake zinashindwa kusafisha. Anywe mara kwa mara siku nzima, maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini, isipokuwa daktari amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Kufunga kavu kwa siku kadhaa pia kunaweza kuamsha shambulio. Mwenye guti anayetaka kufunga kwa maombi aongee kwanza na daktari, na pia na mchungaji wake.

Tuseme ukweli: chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Guti inapita pia katika damu ya ukoo. Tusimlaumu mgonjwa kwamba ni mlafi, wala mke kwamba amepika vibaya.

Dawa
Siku ya shambulio, pumzisha mguu, uinue, weka kitambaa cha maji baridi. Daktari anaweza kutoa kolkisini, ibuprofeni au dawa nyingine ya uvimbe. Usinunue sindano ya maumivu mtaani kila mara mguu unapowaka: dawa hizo zinaweza kuumiza tumbo na figo, na ni hatari zaidi kwa mja mzito, kwa mwenye vidonda vya tumbo au kwa mwenye tansiyo.

Kwa anayeshambuliwa mara kwa mara, iko alopurinoli. Haiondoi maumivu ya leo. Inashusha asidi polepole, hadi chini ya miligramu 6, na humezwa kila siku, hata wakati mguu hauumi. Inaanzwa kwa kiasi kidogo. Akitokwa na upele, aiache na aende hospitali siku ileile.

Mkienda kupima, jueni mambo mawili. Kipimo cha siku ya shambulio kinaweza kuonyesha damu ya kawaida, basi kirudiwe baada ya wiki mbili. Na mtu mwenye asidi ya juu ambaye hajawahi kuumwa kiungo, mara nyingi hahitaji dawa.

Msingoje
Kiungo kimoja kilichovimba pamoja na homa kali au kutetemeka kinaweza kuwa na usaha ndani. Hiyo si ya kungoja kesho, mpelekeni hospitali.

Katika mkutano wa kikundi wiki hii, someni ukurasa huu kwa sauti, hasa kwa mama asiyesoma. Mgonjwa akipata jina la ugonjwa wake, atapata na dawa yake, na jirani atabaki jirani.