Pikipiki Kuukuu Isihukumiwe kwa Rangi

Katika Mkoa wa Simiyu pikipiki si anasa. Kutoka Bariadi hadi Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ndiyo impelekayo bwana shamba kwenye pamba na mgonjwa zahanati. Ndugu zetu wa visiwani, kama Ukerewe, nao huitegemea vivyo hivyo. Kwa hiyo biashara ya pikipiki kuukuu yatuhusu sote.

Mnunuzi hutazama rangi, tairi na taa. Lakini ugonjwa mkubwa waweza kuwa umejificha ndani ya injini: kulika kwa kemshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua valvu. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila nundu husukuma valvu yake mara 50 kwa sekunde. Kinachotenganisha chuma na chuma ni utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua, ikichakaa au ikiingiwa na vumbi, ngozi ngumu ya nundu huchubuka. Na ikishachubuka, uharibifu huenda mbio.

Dalili zake zajulikana. Injini hugonga kwa juu, na mlio hurudi muda mfupi baada ya fundi kurekebisha nafasi ya valvu. Nguvu hupungua mlimani. Oili inayomwagwa humetameta chembe za chuma. Mnunuzi na adai injini iwashwe ikiwa baridi, kwani wako wauzaji wanaoficha mlio kwa oili nzito. Kisha fundi afungue kifuniko cha valvu: nundu yenye vishimo, mikwaruzo au ncha iliyobapa haifai. Na atakayebadili kemshafti azitazame roka pia, kwani roka iliyolika huila kemshafti mpya.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Oili ipimwe kila asubuhi na ibadilishwe kwa wakati uliowekwa na mtengenezaji. Kichujio cha hewa kisafishwe, hasa kiangazi. Na injini isivutwe kwa nguvu kabla haijapata moto.

Hapa Serikali ina wajibu wake. Idara inayomkabidhi mtumishi pikipiki bila fungu la oili na kichujio imempa nusu ya chombo. Chombo hicho kikichakaa hupelekwa mnadani, na mwananchi hununua uzembe wa ofisi kwa fedha yake halali. Tunashauri kila pikipiki ya umma iwe na daftari la matengenezo, na daftari hilo limfikie mnunuzi siku ya mnada. Shirika la Viwango nalo lizidi kuwabana wauza oili bandia.

Kwa mkaazi wa kisiwani, ambaye kipuri chake husubiri chombo kutoka Mwanza, injini iliyokufa ni siku nyingi bila kazi, na pengine mgonjwa asiyefika hospitali. Rahisi huwa ghali. Tuulize kwanza habari za oili, ndipo tuulize bei.