Simu Nayo Ina Kinywa



Imekuwa desturi kuisifia simu ya kisasa kwamba ni benki, daftari na kikokotoo, vyote vikiwa katika mfuko mmoja wa suruali. Sifa hiyo ina ukweli, wala hatukusudii kuikanusha. Lakini katika nyumba yenye kipato kidogo simu hiyo hiyo ni mlaji. Inakula yuniti, inakula mega, inakula chaji, na kila mara inapotupitishia fedha inakata ada yake. Anayetaka imsaidie kupanga matumizi ya siku aanze kwa kuiandika yenyewe katika hesabu ya wanaolishwa, na hesabu hiyo ijulikane na wale wanaokula naye.

Babu zetu wengi hapa Lubumbashi hawakupanga hesabu ya unga, kampuni iliwapangia. Tangu enzi za Union Minière mfanyakazi alipewa posho, na Gécamines ikaendeleza desturi hiyo baada ya serikali kuitwaa migodi mwishoni mwa miaka ya 1960. Mfuko wa unga uliingia nyumbani hata pale mshahara ulipokuwa umekwisha kuliwa na madeni. Kisha kampuni ikadhoofika, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakapokea fedha kwa mkupuo mmoja. Nyumba ambazo hazikuwahi kuhesabu unga zikalazimika kuhesabu kila kitu. Wengi wenu mlizaliwa baada ya hapo. Ninyi ni watoto wa kipato cha siku kwa siku, na jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyodhaniwa na wale waliotunga programu tunazozikuta katika simu zetu.

Programu hizo, nyingi kati yake, huuliza kwanza: unapata kiasi gani kwa mwezi? Manseba anayebeba abiria kwa pikipiki kutoka Katuba hadi katikati ya mji atajibu nini? Yeye anajua kiasi anachopaswa kumkabidhi mwenye pikipiki jioni. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake, na leo si sawa na jana. Dada anayeuza lengalenga katika soko la Kenya naye hana mwezi, ana siku, na mvua ikinyesha kutwa hana hata siku. Programu inayowadai hesabu ya mwezi inawafanya wajione wazembe, ilhali wanahesabu kuliko mtu wa ofisi. Kwa maoni yetu, ukurasa wa kawaida wa kuandikia, ule ambao karibu kila simu inao na ambao hauhitaji mega, unawatosha. Mstari mmoja kwa siku: kilichoingia, kilichopelekwa kwa mwenye chombo, unga, makala, mboga, usafiri, simu. Mwisho wa juma jumlisheni ule mstari wa simu peke yake. Katika vikundi vilivyojaribu zoezi hili pamoja nasi, ndio mstari uliozua mabishano.

Lipo tatizo jingine ambalo programu za kigeni hazilijui kabisa, nalo ni kwamba sisi tunaishi kwa fedha mbili. Kodi ya nyumba inatajwa kwa dola, na karo ya shule nyingi vilevile. Sokoni tunalipa kwa franka. Mtu hupokea huku na kulipa kule, na kila anapovuka kutoka fedha moja kwenda nyingine anaacha kitu njiani. Tuseme siku hiyo dola moja ni franka 2,200 kwa mbadilishaji wa kando ya barabara, na muuzaji wa duka anakuhesabia 2,150. Kwa dola 10 umeacha franka 500. Ukifanya hivyo mara 10 kwa mwezi umeacha franka 5,000, na hakuna mahali popote ulipoandika kwamba umezitumia. Ndiyo sababu tunashauri safu mbili katika ukurasa ule, moja ya dola na moja ya franka, zisichanganywe. Na siku unapobadilisha fedha, andika kiwango ulichopewa. Huo ndio usimamizi ambao simu inaweza kuufanya vizuri kuliko kichwa cha mtu aliyechoka.

Msidhani tena kwamba kuweka kila kitu kwa dola ni ponyo. Kweli, mwanzoni mwa mwaka 2016 dola moja ilipata takriban franka 930, na mwishoni mwa 2017 ilikuwa inakaribia 1,600. Aliyekuwa ameweka akiba kwa franka aliipoteza bila kuibiwa. Lakini mwaka 2025 franka ikapata nguvu kwa ghafla, na waliokuwa na dola wakaona franka wanazopewa zikipungua wakati bei za sokoni hazina haraka ya kushuka. Kanuni ya busara ni nyepesi: akiba ya kodi ikae katika fedha itakayolipa kodi, na pesa ya unga ikae katika fedha itakayonunua unga. Hapa mfuko wa simu unatufaa, kwa kuwa una akaunti mbili, ya dola na ya franka. Tena dola iliyo ndani ya simu haichaniki. Kila mkazi wa mji huu amewahi kurudishiwa noti ya dola kwa sababu ya mpasuko ambao ni lazima uinue noti juani ili uuone.

Basi tuje kwenye ada. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza kwa jirani zetu wa Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu kwa jina hilo hilo la M-Pesa mwaka 2012, na kampuni nyingine zikawa na zao. Imewasaidia wengi: mtoto aliye chuoni anatumiwa nauli bila mtu kusafiri na bahasha. Lakini sikilizeni namna tunavyoombana fedha siku hizi. Hatusemi tena «nitumie franka 10,000». Tunasema «nitumie 10,000 pamoja na za kutolea». Lugha yenyewe imekwisha kukiri kwamba kuna mlaji wa tatu mezani. Ada hizo zimepangwa kwa ngazi, hata mara nyingi kutoa kidogo kidogo mara tano hugharimu kuliko kutoa mara moja. Anayeishi kwa siku ndiye hasa anayetoa kidogo kidogo, na kwa hiyo ndiye anayelipa zaidi kwa kila franka. Kabla ya kuweka pato la siku ndani ya simu, ajiulize: je, nitazitoa kesho asubuhi? Kama jibu ni ndiyo, zikae katika mfuko wa nguo.

Mega nazo hununuliwa kwa mtindo huo huo wa kipimo kidogo, kama mafuta ya kupikia yanayouzwa katika vifuko. Chaji ina bei yake pia: umeme unapokatika siku mbili mfululizo, tunampelekea simu mwenye jenereta au paneli ya jua, naye hachaji bure. Mnakumbuka pia tozo ya RAM, iliyoanza kukatwa katika yuniti zetu mwaka 2020, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya kisasa, mpaka ikaondolewa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya nchi nzima. Tozo ile ilitufundisha jambo moja: fedha inapokatwa ndani ya simu haitoi mlio. Hata michezo ya kubahatisha matokeo ya mpira imefaidika na ukimya huo. Kijana aliyepaswa kutembea mpaka kibandani na noti mkononi angekutana na shangazi yake njiani; sasa anapoteza pesa ya mboga akiwa ameketi sebuleni, na shangazi ameketi kando yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linalotuhangaisha kuliko ada. Zamani pesa ya soko iliwekwa mezani asubuhi. Kila mtu aliiona, hata mtoto, na kila mtu alielewa kwa nini jioni bukari ilikuwa na sombe bila samaki. Sasa pesa ya nyumba imeingia nyuma ya namba ya siri. Mume hajui kilicho katika simu ya mke, mke hajui kilicho katika simu ya mume, na kijana anayechangia nyumbani anaulizwa maswali ambayo zamani macho yalikuwa yanayajibu. Tunasikia ugomvi wa ndoa changa ambao, ukiufuata hadi chini, unakuta kiasi kidogo tu cha fedha na shaka kubwa.

Tunajua jibu la upande wa pili, nalo lina uzito. Binti mmoja wa kikundi chetu alituambia wazi kwamba akiba pekee aliyowahi kufanikiwa kuiweka ni ile iliyo nyuma ya namba ya siri, kwa kuwa fedha inayoonekana nyumbani ina ndugu wengi: huyu anaumwa, yule ana msiba, mwingine anataka nauli tu. Hatuwezi kumlaumu. Namba ya siri inampa nafasi ya kukataa bila kumkosea mtu adabu, na kwa mtu mwenye kipato kidogo nafasi hiyo ni ngao. Sisi tunatofautisha hivi: akiba ya mtu inaweza kuwa na siri, chungu cha pamoja hakiwezi. Pesa ya unga, ya kodi na ya karo ni ya wote wanaokula chungu hicho, na ule ukurasa wa hesabu usomwe kwa sauti mara moja kwa juma, tuseme Jumapili baada ya chakula, na mwenye simu awe wa kwanza kutaja simu yake imekula kiasi gani.

Kutoka nyumbani twende kwenye likelemba. Mama zetu waliiendesha kwa daftari na kwa macho: wote walikaa, fedha ikahesabiwa mbele yao, aliyefikiwa na zamu akaondoka nayo. Siku hizi vikundi vya vijana vinatuma michango kwa namba ya mtunza hazina, na hakuna anayekaa na mwenzake. Ni haraka, lakini laini ile imeandikwa kwa jina la mtu mmoja. Akiibiwa simu, akifiwa akasafiri, akifariki yeye mwenyewe, kikundi kizima kinasimama mlangoni bila ufunguo. Na tusisahau kwamba mitume nao walikuwa na mfuko wa pamoja, na Mtakatifu Yohane hakuficha ni nani aliyeushika.

Vikundi vya parokia ambavyo vimeanza kukusanya michango ya kambi ya likizo kubwa tunaviomba vifanye mambo haya kabla ya mchango wa pili. Laini ya hazina iwe tofauti na laini ya mtu ya kila siku. Baada ya kila mkutano, ujumbe wa salio usomwe mbele ya wote, kisha katibu auandike katika daftari la karatasi, pamoja na ada zilizokatwa. Na mtunza hazina asilipe yeye ada za kutolea kutoka mfukoni mwake, kama tulivyoona katika kikundi kimoja ambako kijana asiye na kazi alikuwa akizilipa kimyakimya tangu Pasaka kwa kuona aibu kuzidai.