Saa mbili majini, miaka 11 kusaka ruhusa

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba kilomita chache za mwisho ndizo ndefu kuliko safari nzima. Lori hutembea usiku kucha, kisha husimama siku mbili likingoja muhuri. Mwogeleaji mmoja wa Marekani aliyajua hayo vizuri, ingawa hakubeba mzigo wowote.

Lynne Cox alizaliwa mwaka 1957. Mwaka 1972, akiwa na miaka 15, aliogelea kutoka Uingereza hadi Ufaransa kwa saa 9 na dakika 57, akavunja rekodi ya wanawake na ya wanaume pia. Mwaka 1975 alikuwa mwanamke wa kwanza kuogelea Mlango wa Cook, New Zealand. Mwaka uliofuata akawa mtu wa kwanza kuogelea Mlango wa Magellan, Chile. Angeweza kutosheka na rekodi. Yeye akaanza kuchagua maji yanayogawa nchi na nchi.

Katika Mlango wa Bering kuna visiwa viwili vinavyotazamana: Diomede Ndogo ya Marekani na Diomede Kubwa, ambayo wakati huo ilikuwa ya Muungano wa Kisovieti. Kati yao hapafiki kilomita 4. Wenyeji wa pande zote mbili walikuwa ndugu, wakitembeleana na kubadilishana mali, hadi Vita Baridi ilipofunga mpaka mwaka 1948. Bahari ilibaki ileile, ila ndugu hawakuonana tena.

Cox alihangaikia ruhusa ya kuvuka hapo kwa miaka 11, akiandika barua na kubisha hodi kwa wakubwa wa pande zote mbili. Agosti 7, 1987 aliingia kwenye maji yaliyokaribia kuganda akiwa na vazi la kawaida la kuogelea, kofia na miwani. Ilimchukua saa mbili na dakika chache kufika. Desemba mwaka huo, Gorbachev alipokwenda Washington kusaini na Reagan mkataba wa kuondoa makombora ya nyuklia, alimtaja Cox kwa sifa mbele ya wageni. Mwaka 1989 nchi hizo zilikubaliana kwamba wenyeji wa eneo hilo wavuke bila viza.

Wapo wanaosema mwanamke huyu alifungua mpaka. Nadhani tunampa mzigo usio wake. Yeye aliwaonyesha wakubwa kwamba majirani wako karibu. Makubaliano yaliyoandikwa ndiyo yaliyowapa wenyeji njia. Ruhusa yake ilikuwa ya mtu mmoja kwa siku moja.

Hapo ndipo penye somo letu. Viongozi wetu hupeana mikono mpakani, sisi tunapiga makofi, kamera zikiondoka foleni inarudi. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu Julai 2010. Hata hivyo, mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Karibu miaka mitatu! Serikali zinaweza kuvumiliana muda huo. Mama mwenye mtaji wa magunia mawili hawezi.

Nakubali kwamba serikali ina haki ya kulinda usalama wake. Lakini kufunga mpaka kuwe na taarifa, muda maalumu na njia ya kumwezesha mchuuzi kuokoa mali iliyokwisha kulipiwa. Hilo liandikwe, lisiachiwe hisani ya wakubwa.

Nasi tunao wajibu. Upo utaratibu uliorahisishwa wa biashara kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Cheti cha asili ya bidhaa hutolewa palepale mpakani, na mzigo hauhitaji kulipiwa ushuru wa forodha. Bado wengi wetu tunapita njia za panya kwa hofu au kwa kutojua, kisha tunapoteza mzigo wote na hatuna pa kulalamikia. Aliyepita gizani hana risiti ya kuonyesha.

Dai cheti. Dai risiti kwa kila shilingi au faranga unayotoa. Ukizuiwa, andika tarehe, saa na sababu uliyopewa, upeleke kwa chama chenu cha wafanyabiashara, nacho kikusanye malalamiko na kuyafikisha kwa wizara na kwa Sekretarieti ya Jumuiya kule Arusha. Barua ya kwanza huenda isijibiwe, hata ya kumi. Cox aliandika kwa miaka 11 kwa ajili ya safari ya saa mbili. Sisi tunavuka kila wiki, na watoto wanakula kutokana na safari hizo.