Mashine Haijaua Ufundi wa Redio

Kuna mabishano miongoni mwa wapenzi wa redio duniani, nami naona yatuhusu hata sisi tusiomiliki mitambo hiyo. Wapenzi ninaowasema si watangazaji. Ni watu wenye leseni ya serikali, ambao hurusha mawimbi kutoka nyumbani kwao kuwatafuta wenzao wa mbali pasipo kulipwa hata senti. Hapa Kenya majina mengi ya hewani ya watu hao huanza na 5Z4.

Zamani mpenzi wa redio alijivunia sikio lake. Alikesha akichambua ishara za Morse katikati ya makelele, ama akazungumza na mgeni kwa mdomo: waitwaje, kwenu mvua imenyesha?

Mwaka 2001 Joe Taylor, profesa wa Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani, alitoa programu ya kompyuta iitwayo WSJT. Huyu ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, kwa kugundua jozi ya nyota ambayo mojawapo hutoa mapigo ya redio. Kazi ya kutafuta mapigo hafifu aliijua vyema, na naye pia ni mpenzi wa redio. Programu yake ilinasa hata mawimbi yaliyogonga mkia wa kimondo na kurudi duniani kwa muda mfupi mno.

Kisha mwaka 2017 yeye na Steve Franke wakaleta mtindo uitwao FT8. Kompyuta moja hutuma kwa sekunde 15, nyingine husikiliza, halafu hubadilishana zamu. Kwa hiyo saa zao sharti ziafikiane. Ujumbe wenyewe ni mfupi: jina la hewani, mahali ulipo (Nairobi ni KI88), nguvu ya mawimbi, na kwaheri. Ujumbe wa tarakimu 77 huongezewa nyingine hadi 174, ili zikipotea baadhi njiani, kompyuta iweze kuzirudisha kwa hesabu. Ndiyo maana husomeka hata pale ambapo sikio la mtu halisikii ila mvumo.

Wazee wa mchezo huu wananung'unika. Wanasema mashine zinasalimiana zenyewe, na binadamu amebaki kubonyeza vitufe. Malalamiko haya yana haki. Salamu isiyouliza hali si salamu kwetu, na nisingependa kuona maongezi ya hewani yakitoweka.

Lakini wanaposema kwamba ufundi umekufa, hapo nakataa. Ufundi umehama tu. Umetoka sikioni, umeingia katika mkono wa anayeandika programu. Mtu huyo hana budi kujua jinsi mawimbi yanavyodhoofika, jinsi makelele yanavyofanana na ishara, na hesabu ya kuvitenganisha. Huo si uvivu hata kidogo.

Tena programu hii haikufichwa. Tangu 2005 maandishi yake yamewekwa wazi. Yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa bure. Watu wa kujitolea wamekuwa wakiiongezea nguvu mwaka hadi mwaka.

Hapa ndipo penye swali linalotuhusu. Vijana wetu wanatumia programu nyingi zilizoandikwa ng'ambo, na wachache sana huuliza zimetengenezwaje. Fundi wa redio wa mtaani alijifunza kwa kufungua redio mbovu na kufuata nyaya zake moja moja. Programu iliyo wazi yaweza kufunguliwa vivyo hivyo, wala haihitaji bisibisi. Mwalimu wa fizikia mwenye kompyuta moja darasani aweza kuanzia hapo: wanafunzi wasome sehemu ndogo, wabadilishe jambo moja, waone matokeo.

Wakifanya hivyo, watakuwa warithi wa ufundi huu. Wasipofanya, manung'uniko ya wale wazee yatakuwa kweli kwetu kabla hayajawa kweli kwingine.