Shabaha Kwanza, Bastola Baadaye

Wazee wetu walisema, mtoto akililia wembe mpe. Walijua kuwa wembe utamkata kidole, atalia, na kesho hatautaka tena. Lakini wazee hao hawakuwa wakisema juu ya bastola. Bastola haimfundishi mtu kwa kumkata kidole. Ikikosewa mara moja, mwenye kufundishwa huenda asiwepo tena. Au yeye yupo, na jirani yake ndiye hayupo.

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa sababu ya sahibu yangu mmoja wa Diani, mtu wa biashara, umri wangu, tuliyekaa naye mkeka mmoja chuoni tangu siku za alifu na be. Siku hiyo tulikuwa tunatoka msikitini Ukunda baada ya sala ya Alasiri, akanishika mkono akanivuta kando. "Yakhe," akaninong'oneza, "cheti nimekipata, na chombo nimekwisha kukinunua."

Nilidhani ni chombo cha baharini. Kumbe ni bastola, tena mpya, ya aina ile yenye silinda ya kuzunguka inayochukua risasi sita. Nikamuuliza ya kazi gani. Akanijibu upesi, kama mtu aliyelitayarisha jibu lake tangu nyumbani: "Ya shabaha tu, Ustadhi. Mchezo. Hata dini yetu haikukataza."

Hapo alisema kweli, nami sikuweza kumpinga. Katika hadithi sahihi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliifasiri ile nguvu tuliyoamrishwa kuiandaa kuwa ni kulenga shabaha, akalirudia neno hilo mara tatu. Tena akamlaumu mtu aliyejifunza kulenga kisha akauacha ujuzi huo ukampotea. Shabaha, basi, ni elimu, na elimu ina mwalimu wake, ina hatua zake, na ina adabu zake.

Na sisi Waswahili hatukuwa wageni wa elimu hiyo. Shujaa wetu Fumo Liyongo sifa yake kubwa ilikuwa uta. Walipopanga kumwua kwa hila, walikubaliana kuwa kila mmoja apande mkoma kuwaangushia wenziwe makoma, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Liyongo hakupanda. Alisimama chini, akayapiga makoma kwa mishale yake mpaka yakaanguka ya kuwatosha wote. Shabaha ilimwokoa, na hakumwaga damu ya mtu. Na alipokufa kwa usaliti wa mwanawe, alikufa amepiga goti, uta mkononi, na watu wakaogopa kukaribia kisima wakidhani bado yu hai.

Huku kwetu Kwale pia uta na podo la mishale vilikuwa vyombo vya nyumbani. Wawindaji wa Kidigo na wa Kiduruma walijua mti upi wa kuchonga uta, ugwe upi wa kuutia, na namna ya kupika sumu ya msunguti. Kijana hakupewa mshale wenye sumu siku ya kwanza. Alianza na kijiti butu na kifuu cha nazi, na mzee alikuwa nyuma yake akimtazama. Kisha mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji katika Kenya nzima, na uta ukawa ushahidi mahakamani. Hatulaumu marufuku hiyo. Bila ya hifadhi ya Shimba Hills palahala wetu wangekuwa hadithi tu. Lakini pamoja na uwindaji tuliipoteza shule yetu ya kulenga, na hakuna aliyejenga nyingine badala yake.

Basi sahibu yangu akaniomba nifuatane naye kwenda kukijaribu chombo chake. Hakutaka kupiga risasi shambani, na hilo namsifu. Tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha unaokubaliwa na sheria, safari ya kuondoka alfajiri. Huko tulipokewa na mwalimu, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Kabla ya yote alitupa viziba masikio na miwani. Kisha akaichukua bastola, akaifungua silinda ubavuni, akatuonyesha matundu sita yote matupu, na kila mmoja wetu akatakiwa kuchungulia kwa macho yake mwenyewe. "Wazee wangu," akasema, "hata kama nimewaonyesha kuwa haina risasi, ichukueni kuwa inayo."

Alitueleza kazi ya chombo hicho. Ukivuta kile kichuma cha kidoleni bila ya kuiinua nyundo kwanza, kidole chako kinafanya kazi mbili: kinaizungusha silinda, tena kinaiinua nyundo mpaka iachie. Ndiyo maana mvuto wake ni mzito, na mkono wa asiyejua hutikisika kabla risasi haijatoka. Ukiiinua nyundo kwa kidole gumba, mvuto unakuwa mwepesi kama kugusa unyoya. Hapo ndipo hatari ya kufyatuka kabla ya wakati. Tena akatuonya tusiweke kidole mbele ya silinda, kwa kuwa baina ya silinda na mtutu pana upenyo mdogo unaotema moto na gesi kali, nao waweza kumuunguza na hata kumjeruhi mtu vidole.

Kisha akatufanya tufyatue bastola tupu, mara nyingi kuliko tulivyotaka, sarafu ya shilingi imewekwa juu ya mtutu. Sarafu ikianguka, umekosea. Ya sahibu yangu ilianguka kila mara. Yangu nayo ilianguka, ila mimi sikuwa nimenunua bastola.

Tulipopewa risasi, karatasi ya shabaha iliwekwa mita kumi tu. Nami nilijaribu, sikuficha. Mshindo uliniingia mpaka kwenye meno, mkono ukaruka juu, na katika risasi sita, mbili ndizo zilizoigusa karatasi, tena pembeni. Nilidhani kulenga ni kukodolea macho shabaha. Kijana akaniambia sivyo: jicho liwe kwenye kile kijino cha chuma kilicho mwisho wa mtutu, na shabaha ionekane kwa mbali kama iliyo ndani ya ukungu. Pumzi itulie, kidole kivute taratibu, na mshindo ukujie bila ya kuutarajia. Nilipojaribu tena nilipata nne. Nakiri kwamba moyo ulifurahi. Si mchezo wa kijinga. Una utulivu ndani yake unaofanana na wa mtu anayeandika khati.

Ikafika zamu ya sahibu yangu. Akapiga risasi tatu, ya tatu ikaingia karibu kabisa na kituo. Furaha ikampanda, akageuka mzima mzima kunitazama, "Umeona, Ustadhi?" na bastola ikageuka pamoja naye. Niliuona mdomo wa mtutu ukipita mbele ya tumbo langu, na ndani ya silinda zimebaki risasi tatu. Kijana aliruka akamshika kiwiko, akaurudisha mtutu kuelekea kwenye tuta la mchanga. Hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Mzee wangu, leo tumemaliza."

Njia nzima ya kurudi hatukusema mengi. Mimi nilikuwa nikiyapima mambo manne ambayo mwalimu yule aliyakariri asubuhi: kila silaha ichukue kuwa imejazwa, usiuelekeze mtutu kwa usichotaka kukiua, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umekwisha kulenga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Watu wa bunduki wa nchi za mbali huyafundisha kama uvumbuzi wa zamani hizi. Lakini sisi tuliosomeshwa chuoni tuliyasikia kabla hatujaota ndevu. Bukhari na Muslim wamepokea katazo la kumwelekezea ndugu yako silaha, kwa kuwa hujui, pengine Shetani ataivuta kutoka mkononi mwako. Wamepokea amri kwamba mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Tena wamepokea habari ya Ibn Umar alipowakuta vijana wamemfunga ndege wanamfanya shabaha. Alipotokea wakatawanyika, naye akasema kuwa wafanyao hivyo wamelaaniwa. Watoto wetu wa Diani wanaowapiga ndege na mbega kwa manati, nani amewapa habari hiyo? Chuoni tuliihifadhi, lakini hatukufundishwa kuitumia mikononi.

Tena bunduki katika Kwale si kitu kisicho na historia. Pale Gazi ipo mpaka leo nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyeinua silaha dhidi ya Waingereza mwaka 1895. Ngome yake ya Mwele ikavunjwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo, na mwaka 1896 akavuka mpaka kwenda upande wa Wajerumani. Hiyo ilikuwa silaha ya mtu aliyejulikana, mwenye dai lililojulikana. Lakini usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 ilikuja silaha ya namna nyingine. Vijana waliolishwa kiapo katika msitu wa Kaya Bombo walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua, wakatoka na bunduki zaidi ya arubaini. Waliouawa katika vurugu zile walipita mia moja, waliohama ni maelfu kwa maelfu, wengi wao watu wa bara waliokuwa jirani zetu. Kisha msako ukaziangukia nyumba za Wadigo, wenye hatia na wasio na hatia. Mahoteli ya Diani yakawa matupu, na mikate ya watu ikakatika. Mzee yeyote wa Ukunda hata leo akisikia mshindo usiku, jambo la kwanza analofanya ni kuwahesabu wanawe.

Tulipofika Likoni, tukingojea gari letu litoke kwenye feri, ndipo sahibu yangu akafungua kinywa. "Nilikudanganya," akasema. "Sikuinunua kwa mchezo. Ninaogopa. Nafunga duka usiku na pesa mfukoni, na kila pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yangu moyo unanishuka."

Sikumcheka. Hofu ya mtu haichekwi, na mali ya halali ina haki ya kulindwa. Lakini hapa ndipo tunapotaka wasomaji watutazame vizuri. Amali hulipwa kwa nia. Mwenye kununua bastola kwa shabaha atakwenda uwanjani, atajifunza, na akiikosa karatasi hapotezi kitu. Mwenye kuinunua kwa hofu akaiita mchezo, hatakwenda uwanjani hata mara mbili. Ataiweka chini ya mto. Na bastola ya chini ya mto, mtu wa kwanza kuiona si mwizi; ni mjukuu anayetafuta peremende ya babu. Na huyo mwizi akija, atakuja ghafla, gizani, kwa mtu ambaye mchana, kwenye mita kumi, sarafu ilimwanguka kila mara.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikumpa Mkenya haki ya kuwa na bunduki. Imempa ruhusa tu, kwa cheti, baada ya kuchunguzwa, na ruhusa hiyo yaweza kuondolewa. Mwishoni mwa mwaka 2018 wenye vyeti wote walitakiwa kujitokeza wakaguliwe upya, na wako waliolalamika. Sisi twaona ukaguzi ni jambo jema, lakini hautoshi. Tungependa kila mwenye kuomba cheti aonyeshe kwanza kuwa amefunzwa: ameshinda siku kadhaa mbele ya mwalimu, na mkono wake umeonekana. Atakaye kuendesha gari hujaribiwa barabarani kabla ya kupewa leseni. Mwenye kutaka bastola naye na apimwe mkono wake, si jina lake na mwenendo wake tu.

La pili lahusu vijana. Wako watakaosema shabaha ni mchezo wa matajiri na wazungu. Sivyo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, aliyeibeba bendera ya Kenya siku ya kufungua alikuwa Shehzana Anwar, binti mpiga uta. Na huko Paris, mwaka 2024, Mturuki Yusuf Dikeç, mtu wa miaka 51, alisimama na miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akapata medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan kwa bastola ya upepo. Dunia nzima ilistaajabia utulivu wake. Utulivu ule haukununuliwa dukani. Ni matunda ya miaka mingi ya mazoezi.

Kwa nini basi Msambweni na Kinango zisiwe na viwanja vya uta? Uta hauhitaji risasi ya kununua, mti upo, na mafundi wazee wachache wangalipo. Tuta la mchanga, karatasi, mwalimu mmoja, na skuli iliyokubali, vyatosha kuanza. Kijana aliyefundishwa kushika pumzi yake na kungoja, ni vigumu zaidi kumpeleka msituni usiku kumlisha kiapo.

Ama sahibu yangu, bastola yake ameifungia kwenye sanduku la chuma kama sheria itakavyo, ufunguo anao mwenyewe, naye amerudi kwa yule kijana kujifunza upya, kuanzia kwenye sarafu. Amesema akishindwa atairudisha serikalini. Pesa za duka sasa anazipeleka benki kabla ya Magharibi, jambo ambalo lingemwepusha na gharama yote ile tangu mwanzo. Nami nimemtungia ubeti huu, aubandike juu ya sanduku lake:

Silaha hiyo amana, si pambo la kutembeza,
Nia ndiyo ya maana, mkono kuuongoza,
Usimwelekeze mwana, hata ukiwa wacheza,
Jifunze kwanza kulenga, ndipo uje kununua.