Barua ya KRA Si Hukumu: Ijibu Kabla Siku 30 Hazijaisha



Wengi wenu mlichukua PIN kwa ajili ya HELB au kazi, mkaisahau. Siku moja unapata barua pepe: KRA yasema unadaiwa. Hofu inakuingia, unaifunga. Hapo ndipo haki yako inaanza kupotea.

Kwanza, ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya iTax uhakikishe deni lipo. Anayekwambia utume pesa kwa namba yake ya simu "amalize hiyo kesi" ni tapeli.

Pili, jua ni barua gani. Kama ni ya ritani, faili. Hata kama huna kipato, ritani ya sufuri ni lazima kila mwaka, mwisho ni 30 Juni. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa.

Kama ni barua ya tathmini, maana yake KRA imekupigia hesabu. Huenda wameona pesa zimeingia benki wakadhani ni mapato yako, kumbe ni mchango wa hospitali au wa madrasa uliopitia kwako. Sheria inakuachia wewe jukumu la kuthibitisha. Ndiyo maana risiti, orodha ya waliochanga na jumbe za M-Pesa si takataka. Ziweke miaka 5.

Hukubaliani? Una siku 30 kuweka pingamizi kwa maandishi. Eleza wapi wamekosea, unataka nini kirekebishwe, na uambatanishe ushahidi. Sehemu unayokubali, ilipe au uombe kulipa pole pole. Kama ulikuwa mgonjwa au nje ya nchi, omba uongezewe muda.

Pingamizi likiwa halali, KRA ina siku 60 kuamua. Wakinyamaza, limekubaliwa. Wakikataa, una siku 30 nyingine kwenda Mahakama ya Rufaa za Kodi.

Ukinyamaza wewe, deni linakuwa lao kulidai. Wanaweza kuiagiza benki yako ikate pesa moja kwa moja.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Haki hiyo ni ya kila Mkenya, si ya matajiri wenye mawakili. Deni la kweli tulipe, ni amana. Lisilo letu tulikatae, kwa karatasi na kwa wakati.

Una barua umeificha kwenye droo? Itoe leo, angalia tarehe, anza kuhesabu.